Mwiko si wa bukari tu

Ilikuwa siku ya posho, kisha saa nane, katika chumba kidogo nyuma ya kanisa letu. Vijana walikuwa wanasoma kwa zamu kitabu kidogo cha mashauri ya afya, kilichotoka Tanzania. Msichana mmoja akafika kwenye mstari uliosema kwamba kuchezea dawa ya kuua wadudu ni mwiko. Akasimama. Akausoma tena polepole: "ni mwiko."

Chumba chote kikacheka. Kijana mmoja akashika mkono hewani, akaanza kusonga bukari isiyoonekana, akizungusha na kubonyeza kama mama zetu. "Kumbe dawa njo mwiko? Tutasonga nayo bukari?" Kicheko kikazidi. Nami nilicheka, niseme ukweli. Huku kwetu Katanga, na ng'ambo kwa ndugu zetu wa Zambia, mwiko ni kile kijiti kirefu cha jikoni. Hakuna anayeuogopa, isipokuwa mtoto aliyeiba nyama katika sufuria.

Lakini mama mmoja, aliyekuja kungojea binti yake mlangoni, hakucheka. Vijana walipotoka, akanikaribia.

"Mwalimu," akasema, "mi niko na mutoto mwanaume, eko na miaka kumi na ine. Kila siku anatoroka masomo na benzake, banaenda kushuka mu mashimo ya mukuba. Nilimukataza. Nilimwambia: c'est interdit. Ile neno anaisomaka ku kila kibao, ku kila ukuta. Haiko na meno tena. Mweye munajua kusoma bitabu. Munitafutie neno yenye meno."

Nilikosa jibu siku ile. Wapenzi wasomaji, swali la mama huyu lilinifuata mpaka nyumbani, likalala nami, likaamka nami. Tuna maneno mengi ya kukataza: marufuku, haramu, mwiko, kijila, mushilo, interdit, tabou. Je, yote yanasema jambo moja? Na kama si jambo moja, mzazi achukue lipi?

NENO LA IMLA

Tuanze na marufuku, kwa sababu ndilo linalopiga kelele zaidi. Linasikika katika radio na katika matangazo ya serikali. Lina sura ya maneno yaliyoingia Kiswahili kutoka Kiarabu, kama maarufu na mashuhuri. Angalieni namna linavyotumika: watu husema "kupiga marufuku". Neno hili linapigwa, sawa vile muhuri unavyopigwa juu ya karatasi. Linashuka toka juu. Anayelisikia haulizi "kwa sababu gani?" Anauliza "nani amesema?" Na yule aliyesema akigeuza mgongo, neno nalo linageuka.

Nendeni mtembee katika cité mtaona: "Défense d'uriner ici", pamoja na bei ya faini, herufi kubwa nyekundu. Na ukuta wenyewe umelowa.

Kukataza ni neno lingine. Lina hekima kuliko marufuku, ingawa tunalitumia kila siku bila kuliangalia. Linazaliwa na kukataa, ambalo sisi wa huku tunasema kukatala. Kama vile kujaa kunazaa kujaza, na kupoa kunazaa kupoza, ndivyo kukataa kunavyozaa kukataza. Anayejaza maji anafanya chombo kijae. Basi anayemkataza mtu anafanya nini? Anamfanya yule mtu akatae. Maana yake, kazi haijatimia siku mzazi aliposema. Inatimia siku mtoto mwenyewe, akiwa peke yake na rafiki zake, anapokataa kwa kinywa chake. Mama yule aliniambia "nilimukataza". Kwa kweli alikuwa bado hajamkataza. Alikuwa amesema tu.

HARAMU NA DHAHABU YA AKANI

Haramu ni neno la Kiarabu, lilikuja pamoja na dini ya Uislamu na biashara toka pwani. Ndugu zetu Waislamu wanalisema juu ya nyama ya nguruwe na pombe. Lakini kwa Kiarabu lenyewe, mzizi huu hausemi ubaya peke yake. Msikiti mkubwa wa Makka unaitwa Al-Masjid al-Haram, na hakuna Mwislamu anayefikiri kwamba ni msikiti mbaya. Ni mahali palipozungushiwa heshima, mahali ambapo mtu haingii ovyo. Mzizi mmoja unasema "usiguse" na unasema "patakatifu".

Kiebrania, ndugu ya Kiarabu, kina neno la karibu sana: herem. Wasomaji wa Biblia wanalijua bila kujua jina lake. Fungueni kitabu cha Yoshua, sura ya 6 na ya 7. Mji wa Yeriko unaanguka, na kila kilichomo kinatengwa kwa ajili ya Mungu. Akani anaona vazi zuri, shekeli 200 za fedha na kipande cha dhahabu cha shekeli 50. Anavichukua, anavificha chini ya ardhi katika hema lake. Katika Biblia ya Kifaransa ya Segond, vitu vile vinaitwa "interdit". Ni neno lilelile lililoandikwa kwenye kibao cha mashimo yetu! Dhahabu ya Akani ilikatazwa kwa sababu ilikuwa na mwenyewe. Hakuna aliyesema kwamba dhahabu ni uchafu.

Kabla sijaliacha neno haramu, niseme jambo moja linalonichoma. Watu wanaita mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa "mwana haramu". Mtoto huyo amevunja nini? Alikuwa wapi siku ile? Hata sheria ya nchi yetu juu ya jamaa, ya tarehe 1 Agosti 1987, inasema kila mtoto lazima awe na baba, na hakuna ruhusa ya mtu kumkana mtoto wake, awe wa ndani ya ndoa ao wa nje. Tukiwa na hamu ya kutumia neno haramu, tulitafutie mwenyewe mahali pengine, si juu ya kichwa cha mtoto.

TABOU SI TABU

Hapa nitapita haraka. Wanafunzi wengi wanafikiri kwamba neno la Kifaransa tabou ni neno letu tabu. Hapana. Tabu yetu, ile ya kukosa unga mwisho wa mwezi, ile wazazi wanayompa mtoto kama jina aliyezaliwa wakati mgumu, imetoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni uchovu. Tabou ya Wazungu imetoka mbali kabisa, katika visiwa vya bahari ya Pasifiki. Nahodha Mwingereza James Cook alilisikia kwa watu wa Tonga mwaka 1777, akaliandika, na Ulaya yote ikalichukua. Kule linasemwa tapu. Na sikieni hili: Wamaori wa New Zealand, ambao lugha yao ni ndugu ya lugha ya Tonga, wanapomtaja Roho Mtakatifu wanasema Wairua Tapu. Roho Tapu! Neno ambalo kwa Kifaransa limekuwa jambo la kunong'ona, kwao limekaa ndani ya sala.

Nilipojua hayo nilishangaa. Kisha nikajiona mjinga, kwa sababu jambo hilohilo lilikuwa linapita mbele ya masikio yangu kila siku ya Mungu.

MUSHILO

Katika parokia yetu, kama katika parokia nyingi za miji ya mukuba, kuna misa ambamo wimbo mmoja ni wa Kiswahili, mwingine wa Tshiluba, mwingine wa Kibemba. Wabemba wanapofanya ishara ya msalaba wanamtaja Mupashi wa Mushilo. Mupashi ni Roho. Na mushilo? Muulizeni mzee yeyote wa Kibemba aliyekulia kijijini. Atawaambia kwamba mushilo ni kitu kisichoguswa, mahali pasipoingiwa, jambo lisilofanywa. Ni katazo. Wale waliotafuta namna ya kusema "mtakatifu" kwa Kibemba walilichukua neno la katazo la wazee, wakaliweka karibu na jina la Mungu.

Wakongo wa magharibi nao wana nlongo, neno la ukoo mwingine kabisa. Nlongo ni katazo la wazee, na nlongo ni kitu kitakatifu. Kule Kongo-Kati na Kinshasa makanisa mengi yanaimba Mpeve ya Nlongo, yaani Roho Mtakatifu.

Sisi wa Kiswahili tulikwenda njia nyingine. Mtakatifu anatoka katika kutakata, kuwa safi, kama nguo iliyofuliwa ikang'aa. Ni njia nzuri. Lakini imetufanya tusahau kile ambacho Mbemba anakisikia kila akifanya ishara ya msalaba: kwamba kitu kinakatazwa kwa sababu kina thamani.

Mushilo haliko peke yake. Lina ndugu kila upande. Waluba wa Katanga wanasema kijila, na zikiwa nyingi, bijila. Wa Kasai wanasema tshijila. Kwa Lingala kuna ekila, na kokila ni kujizuia. Rwanda na Burundi wanasema kirazira, yaani jambo hilo halifanywi. Waganda wana muziro, nao ni mnyama ao kitu cha ukoo: mtu wa ukoo wa Mmamba hali samaki huyo, wa Nkima hali kima. Hata mbali kusini, Wazulu wanasema ukuzila kwa kujinyima vitu wakati wa matanga. Wataalamu wa lugha za Kibantu, kati yao wale wa Tervuren huko Ubelgiji, wanaweka maneno ya namna hii pamoja chini ya mzizi mmoja wa kale, wenye sauti karibu na -gid-, na maana yake ni kujizuia.

Kujizuia! Marufuku anayo polisi. Mzizi huu wa wazee wetu ulikuwa unamwangalia mtu mwenyewe.

Na ule mwiko uliotuchekesha? Kiswahili cha pwani kina miiko miwili, na wingi wake ni uleule. Mmoja ni wa jikoni. Tena fundi wa kujenga naye anaita mwiko kile chombo cha kupakia saruji. Mwingine ni katazo, na zamani ulikuwa zaidi katazo la mganga kwa mgonjwa. Amepewa dawa, anaambiwa asile samaki ao asile chumvi mpaka apone. Hapo husemwa "anashika mwiko". Asiposhika, "amevunja mwiko". Karibu yake kuna neno mzio, chakula ambacho mtu hali kwa sababu kinamdhuru ao ukoo wake umekikataa. Siku hizi madaktari wa Tanzania na Kenya wanaliita hivyo lile gonjwa la mwili kukataa kitu, ambalo sisi tunasema allergie. Basi kijana wetu aliyesonga bukari hewani hakuwa mbali sana na njia. Mwiko huu na mwiko ule, yote yalikuwa katika nyumba, karibu na chakula, karibu na mgonjwa. Hakuna uliotoka kwa komisa.

BIJILA VYA MFALME

Nani alifungwa na bijila? Vijana wengi wanajibu upesi: wanawake na watoto. "Mutoto asifanye hivi, mwanamuke asikule hivi." Nao hawadanganyi, ndivyo walivyoona nyumbani. Lakini wazee wa Kiluba wanasimulia namna nyingine.

Zamani, wanasema, mtawala alikuwa Nkongolo Mwamba, mtu mwekundu, mkali. Alikula na kunywa mbele ya watu wote bila haya. Siku moja akaja mgeni mwindaji kutoka mashariki, jina lake Mbidi Kiluwe. Nkongolo akamkaribisha, akamwekea chakula. Mgeni hakula mbele ya watu. Akajengewa mahali pake pa faragha, akala huko peke yake. Kwake lilikuwa katazo: mfalme haonekani akila wala akinywa. Nkongolo alishangaa. Mwana wa Mbidi, Kalala Ilunga, ndiye aliyemshinda Nkongolo baadaye, na desturi za baba yake zikawa desturi za ufalme wa Kiluba.

Tunaweza kucheka katazo la mfalme kujificha na sahani yake. Lakini angalieni nani anayebanwa. Mkubwa! Mtu wa kawaida wa kijiji aliweza kula bukari yake chini ya mwembe mbele ya dunia yote. Mfalme hakuweza. Kila hatua ya cheo ilimwongezea kijila. Kulikuwa hata na chama, Mbudye, kilichokuwa na kazi ya kukumbuka na kufundisha bijila hivyo, kwa kugusa ushanga uliopangwa juu ya ubao uitwao lukasa. Wafalme walijua kwamba Mbudye wanakumbuka.

Jambo hili halikufa pamoja na wafalme wa zamani. Tarehe 5 Februari 1967 Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha, wakati wa Rais Nyerere. Ndani yake kulikuwa na masharti ya viongozi, na watu wakayaita miiko ya uongozi. Kiongozi asipokee mishahara miwili ao zaidi. Asiwe na hisa katika kampuni. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Walikuwa na neno marufuku karibu, wangeweza kulipiga. Wakachagua mwiko, neno la mgonjwa na mganga, la mtu anayejinyima ili apone. Mwaka 1991, huko Zanzibar, chama tawala kililegeza miiko hiyo. Watanzania wa umri mkubwa wangali wanabishana kama nchi ilipona kabla ya kuacha dawa.

Nami nauliza tu, bila kumtaja mtu: huku kwetu, katika nchi hii ya mukuba na kobalti, mkubwa ana kijila gani?

KILICHOPOTEZA MWENYEWE

Msifikiri kwamba nasifu kila katazo la zamani. Kambo yangu mwanamke hakula yai hata moja maishani mwake. Alifuga kuku, aliokota mayai kila asubuhi, alitukaangia sisi wajukuu, akatuangalia tukila. Siku moja nilimuuliza: "Kambo, ju ya nini haukulake yai?" Akajibu: "Ni kijila." Nikamuuliza: "Kijila ya nini?" Alinyamaza muda mrefu, akipangusa sufuria. Halafu akasema: "Mama yangu hakuniambia."

Alizaa mara nyingi. Watoto wake wengine hakuwaona wakikua. Sisemi yai moja lingeweza kuwaokoa wote. Lakini mama mwenye mimba na mtoto anayeacha ziwa wanahitaji chakula cha kujenga mwili, na yai ndilo lililo karibu kuliko nyama, tena kwa bei ndogo. Mpaka leo, katika kampi zetu, kuna mama mwenye mimba anayeambiwa asile yai kwa sababu mtoto atazaliwa bila nywele. Na gésier la kuku je? Ni la baba, kila mtu anajua, na hakuna aliyewahi kueleza kwa nini. Kijila cha namna hii kimepoteza kile kilichokuwa kinalindwa. Kimebaki uzio bila shamba ndani yake.

Katika mashimo pia. Wazee wa Kibantu waliokuwa wanayeyusha madini walikuwa na makatazo makubwa. Tanuru lilifikiriwa kama mwanamke anayetaka kuzaa. Mahali pengine walilitia hata maziwa ya udongo. Wafua madini walikaa mbali na wake zao mpaka kazi iishe. Unaweza kukubali ao kukataa, lakini unasikia kwamba walikuwa na heshima mbele ya ile kazi: kuna kitu kinazaliwa, tusicheze.

Leo katika machimbo mengi ya mikono utasikia bado kwamba mwanamke haruhusiwi kukaribia shimo, madini yatakimbia. Vizuri. Halafu geuka uangalie mtoni: wanawake wamesimama ndani ya maji, wameinama tangu asubuhi, wanaosha na kuchagua mawe, wengine na mtoto mgongoni. Hapo madini hayakimbii? Katazo hili halimlindi mwanamke. Linalinda mfuko.

Na makatazo yanayolinda mtu kweli yamelala katika karatasi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ni yule ambaye hajatimiza miaka 18, na inakataza kazi zile mbaya kupita zote, zinazoharibu afya na maisha yake. Sheria ya madini ya 2002, iliyotengenezwa upya tarehe 9 Machi 2018, nayo haimruhusu mtoto kuchimba. Shimo la mchimbaji wa mikono lisipite mita 30 kwenda chini. Waulizeni wachimbaji wenyewe mashimo yao yana mita ngapi. Watacheka, kama vijana wetu walivyoucheka mwiko. Na baadhi yao wanaocheka wamekwisha kuzika ndugu aliyefunikwa na udongo.

MAMA YULE

Nilimtembelea baada ya majuma mawili. Alikuwa Mbemba, wa upande wa Kasenga, jambo ambalo sikulijua siku ya kwanza. Tukaketi nje juu ya viti viwili vya plastiki. Nikamwambia yote haya, kwa kifupi: marufuku, haramu, Akani na dhahabu yake, Mbidi Kiluwe. Alisikiliza kwa adabu, lakini niliona anachoka. Nilipofika kwenye mushilo akainua kichwa.

"Ile tunasemaka mu kusali?"

"Ndiyo, mama. Lakini kumbuka wazee walikuwa wanasema mushilo ju ya nini."

Alikumbuka. Kijijini kwao kulikuwa na msitu mdogo, makaburi ya wakubwa, hakuna aliyekata kuni pale. "Hatukuogopa polisi," akasema. "Hakukuwa polisi. Bakubwa bao balikuwa balilala mule."

Kisha akamwita kijana. Akaja, mrefu, mabega yamekwisha kupanuka kwa kubeba mifuko, vidole vyenye rangi ya udongo. Akasimama akitazama chini. Mama alimwambia kwa Kibemba, taratibu, maneno ambayo sikuyaelewa yote. Niliyasikia mushilo mara mbili. Alimshika kifuani kwa kidole, si kwa kumpiga. Baadaye alinifasiria: alikuwa amemwambia kwamba si shimo lililo mushilo. Ni yeye. Mwili wake ndio mahali pasipoingiwa ovyo na udongo.

Kijana alinyamaza. Halafu akajibu kwa Kiswahili, ili nami nisikie:

"Na baba? Yeye haiko mushilo?"

Maana baba yake naye anashuka katika shimo lilelile. Alikuwa ndani ya nyumba, mlango wazi, anapumzika baada ya zamu ya usiku. Alisikia. Mama alinitazama, nikamtazama. Sikuwa na neno, wala la Kibemba wala la Kiswahili. Niliaga, nikaenda.

Juma lililofuata yule baba alifika masomoni na mtoto wake, akalipa nusu ya deni, akaomba mwezi mmoja kwa nusu iliyobaki. Kijana yuko darasani mpaka leo ninapoandika haya. Nimemwona kwa macho yangu. Baba anashuka bado. Siku ya posho iliyopita nilikutana naye njiani, kofia yenye taa mkononi. Akanisalimu, akaniambia: "Mwalimu, ile mambo mutoto aliulizaka, minaiwaza kila nikishika kamba."